Ujira wa Kutwa Kwenye Mitiki

Jedwali langu la tasnifu lina nchi saba. Ufini iko juu kabisa, Uganda iko chini kabisa, na Tanzania ni ya pili kutoka chini. Katikati wamekaa Marekani, Kanada, Afrika Kusini na Kenya. Mada yenyewe ni mwenendo wa ujira wa wafanyakazi wa misitu, na naijua vizuri sura ya mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza: anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anatazama simu yake. Simlaumu. Ila mimi nimezaliwa Ifakara, nyumbani kuna ekari mbili za mitiki, na mdogo wangu anaishi kwa kukata miti ya watu. Kwangu mada hii ina watu ndani yake.

Nianze na Uganda, kwa sababu ndiyo huwachekesha wenzangu darasani. Kima cha chini cha mshahara cha Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi. Hakijabadilishwa hadi leo. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais akakataa kuusaini. Kwa viwango vya sasa vya kubadilisha fedha, hiyo ni dola moja na nusu na kitu kidogo kwa mwezi mzima. Bila shaka hakuna mtu Uganda anayepanda misonobari mwezi mzima kwa pesa hiyo. Ujira wake unaamuliwa mahali pengine kabisa, na sheria imebaki kama saa ya ukutani iliyokufa ambayo hakuna aliyepanda kuishusha.

Sasa njoo Ufini, nchi ambayo misitu ndiyo uti wa mgongo wake. Ufini haina kima cha chini cha kisheria. Haina hata hicho cha 6,000. Mkata miti wa Kifini analipwa kulingana na mkataba wa pamoja uliofikiwa mezani kati ya chama cha wafanyakazi na chama cha waajiri, na mkataba ukiisha wanarudi mezani. Kwa hiyo kwenye nchi ya kwanza na nchi ya mwisho za jedwali langu, ukifungua kitabu cha sheria kutafuta mkata miti alipwe kiasi gani, hutapata cha kukusaidia. Hilo lilinisumbua mapema. Kama sheria si jibu juu, na si jibu chini, basi ni nini kinachopanga ujira?

Msimamizi wangu, mzee mpole anayependa kusahihisha kwa penseli, aliniambia swali ni zuri lakini nimalize kwanza namba. Nikazimaliza.

Marekani: kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu Julai 2009. Majimbo mengi yamepanda juu yake, lakini mengine bado yamekaa hapo hapo. Kanada, katika jimbo la British Columbia, kupanda miti ni kazi ya kiangazi ya wanafunzi wa vyuo, watu wa umri wangu, wanaolipwa kwa mche, senti kadhaa kila mmoja. Wakipanda michache, sheria inataka malipo yao yasishuke chini ya kima cha saa, ambacho Juni 2025 kilipandishwa hadi dola 17.85 za Kanada. Afrika Kusini wamefika walipofika kwa njia ya moto: mwishoni mwa 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ya De Doorns waligoma, barabara zikafungwa, na kufikia Machi 2013 kima cha mfanyakazi wa shamba kikapanda kutoka randi 69 kwa siku hadi 105. Leo kipo kima kimoja cha taifa, na Machi 2025 kiliwekwa kuwa randi 28.79 kwa saa. Kenya, kibarua wa kilimo asiye na ujuzi, Novemba 2024 aliwekewa shilingi 7,997 na senti kwa mwezi.

Na sisi. Kwenye jedwali nimetumia kima cha kilimo, maana mti wa kupandwa ni zao. Amri ya mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi. Iliyofuata, ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikaweka 140,000. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata shilingi 5,384 kwa siku.

Kuna usiku mmoja nilikaa na namba hizi nikaziweka zote kwenye dola, kama nilivyoelekezwa. Saa moja ya British Columbia ikatoka karibu sawa na siku nzima ya Afrika Kusini. Siku nzima ya Afrika Kusini ikatoka kama siku sita za kwetu. Nikazima kompyuta nikaenda kulala.

Asubuhi niliona kitu kingine ambacho usiku sikukiona, na hiki ndicho nilichokiandikia sura nzima. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600, kwa hiyo laki moja ilikuwa dola 62 hivi. Januari 2023 dola ilikuwa kama 2,330, kwa hiyo laki na arobaini ilikuwa dola 60. Katikati ya 2024 dola ilipita 2,600, na laki na arobaini ile ile ikawa dola 53 au 54. Kwa shilingi, ujira wa chini wa kilimo umepanda kwa asilimia 40. Kwa dola umekaa pale pale, halafu ukashuka. Na gogo la mtiki linalokwenda nje linauzwa kwa dola. Mwenye gogo na mwenye panga wanafanya kazi katika shamba moja, lakini wanahesabu kwa fedha mbili tofauti.

(Oktoba 2025 ilitangazwa amri mpya ya sekta binafsi, kuanzia Januari 2026, ambayo wastani wake umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Jedwali langu linaishia kabla ya hapo. Mwanafunzi lazima afunge mlango mahali fulani, la sivyo hahitimu.)

Msimamizi alisoma sura ile akaandika pembeni kwa penseli: "Na kijijini wanalipwa hicho?"

Julai 2025 nikapanda basi Msamvu kwenda nyumbani.

Kwa msomaji asiyelijua bonde: ukitoka Mikumi unaacha barabara kuu ya Iringa, unakwenda Kidatu kwenye miwa, halafu milima ya Udzungwa inakaa kulia kwako njia nzima, Mang'ula, Kiberege, mpaka Ifakara. Kushoto ni bonde, tambarare kama meza. Masika Mto Kilombero unafura na kulilaza bonde chini ya maji, na maji yakiondoka yanaacha udongo ambao mpunga unaupenda kuliko mbolea yoyote. Ukivuka mto kwenda Ulanga, siku hizi kwa daraja, zamani kwa kivuko, unaanza kuona mitiki: mistari na mistari, majani makubwa kama ungo. Ukilifikicha jani changa la mtiki mkononi linakupaka rangi nyekundu kama damu. Tulivyokuwa wadogo tulikuwa tukijipaka na kujifanya tumeumia, na mama alikuwa akitukemea kwamba mambo hayo yanaitwa.

Mtiki si mti wetu. Kwao ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Uliletwa nchini wakati wa Wajerumani, na mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Mvomero ni ya siku nyingi. Bondeni kwetu uliingia kwa ukubwa mwaka 1992, pale Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola la Uingereza, CDC, lilipoanzisha kampuni ya mitiki ya Bonde la Kilombero. Kampuni hiyo ina kama hekta 8,000 za mitiki, na sehemu kubwa zaidi ya ardhi yake imeachwa kuwa msitu wa asili. Finnfund, mfuko wa maendeleo wa Ufini, umekuwa miongoni mwa wawekezaji wake. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu maktaba: mstari wa kwanza wa jedwali langu na mstari wa sita wanafahamiana.

Kampuni kubwa ina mishahara yake na ajira zake, na sikwenda kuichunguza. Nilikwenda kuangalia kule ambako hakuna anayeangalia: kwenye viplot vya watu binafsi. Watu waliona kampuni inapanda, nao wakapanda. Mwalimu mstaafu ana ekari tano, muuguzi ana tatu, shemeji wa fulani ana kumi. Baba alipanda zetu mbili Desemba 2008, miche ya mita tatu kwa tatu, kama miche 900. Alitutoka mwaka 2015. Mama ndiye aliyeilea.

Mama ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi, na ndani ameandika kila shilingi aliyomlipa kila kibarua tangu mti wa kwanza ulipoingia ardhini. Palizi. Kufyeka duara kuzunguka kila mche. Kupogoa matawi. Kulima barabara ya moto kabla ya Agosti, maana wachoma nyasi hawana shamba la mtu. Mama ni mtu wa darasa la saba, lakini hakuna mtafiti niliyemsoma mwaka ule aliyekuwa na data kama zake: miaka kumi na saba, shamba moja, mwandishi mmoja.

"Unataka la nini?" aliniuliza.

"La shule, mama."

"Shule ya vibarua?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Alilifuta vumbi kwa kanga akanikabidhi, halafu akakaa pembeni yangu kama mhasibu anayekaguliwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona: hakuna mwaka ambao ujira ulikuwa mmoja. Kila mwaka ulikuwa na bei mbili. Mwaka 2019, kwa mfano, Julai ameandika 3,500 na Januari 5,000. Mwaka 2025, Januari 8,000 na Julai, wiki ile niliyofika, 5,000. Kazi ile ile, panga lile lile, wakati mwingine jina lile lile.

"Mama, Januari mbona unalipa hivi?"

Aliniangalia kwa ule mtazamo wa kuuliza kama kweli mimi ni mtoto wa Ifakara. "Januari nani aje kukufyekea mitiki wakati shamba lake la mpunga lina majani? Akija ujue kaacha mpunga wake. Si lazima umlipe na huo mpunga alioacha?"

Nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimesoma vitabu vinne kuhusu jambo hilo na hakuna kilicholisema kwa ufupi huo.

Kitu cha pili: saa. Kutwa ya kijijini kwetu si kutwa ya Amri ya Mshahara. Mtu anaingia shambani saa kumi na mbili asubuhi, saa sita na nusu mchana amemaliza, anakula ugali wa mama na kwenda zake. Ukihesabu kwa saa, ile 5,000 ya Julai iko juu ya kima cha kisheria cha saa, ambacho wakati ule kilikuwa shilingi 717 na senti. Ukihesabu kwa siku, iko chini. Sasa niandike nini kwenye jedwali? Mtu huyu analipwa zaidi ya sheria au pungufu? Jibu linategemea anafanya nini baada ya saa saba. Kama ana shamba lake la kwenda jioni, basi 5,000 ni nyongeza. Kama hana, hiyo ndiyo siku yake yote.

Hapo ndipo nililiona swali langu la Uganda na Ufini kwa macho mengine. Bondeni kwetu ujira wa kukata miti umekuwa ukipangwa na mpunga. Mtu mwenye ekari mbili za mbugani ana mahali pa kusimama anapomwambia nyapara "hapana". Hiyo ekari ndiyo chama chake cha wafanyakazi. Haina mwenyekiti wala ada, lakini kila Desemba inagoma kwa niaba yake, na ujira unapanda.

Sasa fikiria ekari hiyo ikipungua. Eneo oevu la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Mwaka 2023 pori tengefu likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Sina ugomvi na uhifadhi; maji ya bonde hili ndiyo yanayobeba zaidi ya nusu ya Mto Rufiji, na watu wa Dar es Salaam wanaotumia umeme wa bwawa la Julius Nyerere wana kila sababu ya kutaka bonde libaki hai. Miwa nayo inatambaa kutoka Kidatu kuja kusini. Mitiki yenyewe, yetu ikiwemo, imekaa kwenye ardhi ambayo ingeweza kuwa kitu kingine. Na watu wanaongezeka, na mifugo inaongezeka. Kila mmoja ana sababu yake nzuri. Lakini kila ekari inayoondoka kwenye mpunga inamwondolea mtu fulani nguvu ya kusema "hapana" Januari, na hakuna Amri ya Mshahara inayoandika hilo popote.

Kwetu ilitokea hivi. Tulikuwa tunakodi ekari tatu mbugani kwa mzee mmoja, miaka tisa mfululizo. Mwaka 2024 mzee akaamua kupanda miwa. Alikuja mwenyewe kumwambia mama, akakaa, akanywa chai, akaomba radhi. Mama alipata ekari moja na nusu mahali pengine, mbali zaidi. Mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kuwa ndiye mwanaume wa shamba, akabaki na mikono isiyo na kazi nusu ya mwaka.

Ndipo akawa deiwaka wa miti.

Mdogo wangu ana miaka 22. Ni mcheshi kuliko mimi na ana nguvu za kushangaza kwa mtu mwembamba vile. Kulikuwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa akichukua kazi za kupogoa na kuangusha miti kwenye viplot vya watu, na alikuwa akiwalipa vijana wake kwa mti. Mti mdogo bei yake, mti mkubwa bei yake. Siku nzuri mdogo wangu alikuwa akirudi na 12,000. Siku ya mvua, au siku chenso imeharibika, alikuwa akirudi na 3,000, na siku nyingine harudi na kitu ila ahadi ya Jumamosi. Kulikuwa na Jumamosi tatu mwaka jana zilizokuja na kupita.

"Kazi ya kipande hiyo," mama alisema tulipokuwa tunaongea, na neno hilo likanigusa kwa namna nyingine. Babu yetu mzaa mama alikuwa manamba kwenye mkonge. Enzi za Mwingereza manamba alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi, na siku haikuhesabiwa kuwa siku mpaka umalize kazi uliyopimiwa. Ukimaliza kadi ndipo unapokea mshahara. Ukiumwa, kadi inakusubiri. Mama anakumbuka babu akisimulia kwamba mwezi wa manamba ulikuwa na siku arobaini. Mdogo wangu hana kadi. Mkandarasi anaandika kwenye simu. Nilimwomba aniambie miti aliyokata mwezi wa Juni, naye akaanza kuitaja kwa vidole, plot kwa plot, na nikagundua kwamba anaikumbuka yote, pamoja na ile ambayo hajalipwa.

Nilimuuliza kuhusu kofia ngumu. Akacheka. Nilimuuliza kuhusu buti. Akanionyesha raba.

Hapa sikucheka naye. Marekani, ambako wana takwimu za kila kifo kazini, wakataji magogo mwaka 2023 walikuwa na vifo karibu 99 kwa kila wafanyakazi 100,000. Kazi yao huwa juu kabisa au karibu na juu kabisa kwenye orodha ya kazi zinazoua. Hao ni watu wenye kofia, mashine, na hospitali ya kukimbilia. Na hata huko, wanaopanda na kupalilia miti ya kampuni mara nyingi ni wageni wa viza za muda kutoka Mexico, Guatemala na Honduras. Septemba 2002 gari dogo lilitumbukia mtoni kutoka darajani katika misitu ya Maine, na wafanyakazi kumi na wanne kutoka Honduras na Guatemala waliokuwa wakienda kazini wakafa maji. Kwenye jedwali langu Marekani ina mstari mmoja. Ilistahili miwili.

Mwezi wa Agosti mdogo wangu alipata mwaliko wa kwenda Mafinga. Kule Mufindi ni misonobari, kuna Sao Hill, shamba la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, na pembeni yake mashamba mengi ya watu binafsi na viwanda vya mbao. Rafiki yake alikuwa amepata kazi kwa mtu mwenye mashine ya kupasua mbao na akasema kuna nafasi: 12,000 kwa siku, siku zote za kazi, mvua isiponyesha sana. Akaniuliza mimi, kwa sababu nimesoma.

"Dada, we si ndo unajua mishahara. Niende?"

Nilikuwa na nchi saba kwenye kompyuta na sikuwa na jibu. Nilimwambia 12,000 ni zaidi ya mara mbili ya kima cha siku. Akasema anajua, hiyo hesabu hata yeye kaipiga. Anachotaka kujua ni kama Mafinga atakuwa mtu wa nani. Hapa akiumia, mama yupo. Akikosa kazi, kuna mpunga wa kuvuna, hata kama ni wa ekari moja na nusu. Kule chumba ni cha kulipia, kuni za kulipia, na baridi ya kule si mchezo kwa mtu wa bondeni. Ukitoa hayo yote, 12,000 inabaki ngapi?

Tulikaa barazani tukaipiga. Tulitoa chumba, chakula, nauli, vocha, blanketi zito. Tulitoa siku nne za mvua kwa mwezi. Ilibaki kama elfu hamsini ya kutuma nyumbani, mambo yakienda vizuri. Mama alikuwa akichambua mchele pembeni, anatusikiliza, hasemi kitu. Mwisho akauliza bila kuinua kichwa: "Na palizi ya Januari nani atafanya?"

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu aliondoka wiki mbili baadaye, na begi langu la shule ya sekondari.

Ametuma pesa kila mwezi, sina budi kumsifu. Septemba 40,000. Oktoba 50,000. Novemba 50,000. Desemba 30,000, kwa sababu mvua ilianza na mashine ikasimama. Mama ameziandika zote kwenye lile daftari, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu nyekundu ili zisichanganyike na za mitiki. Mimi nilirudi Morogoro kuandika sura ya nne. Nilitengeneza safu mpya kwenye jedwali na kuiita "mbadala wa mfanyakazi": mtu akisema hapana, anakwenda wapi? Kwa Ufini niliandika mkataba wa pamoja na bima ya kukosa kazi. Kwa Kanada niliandika kurudi chuoni Septemba. Kwa Kilombero niliandika mpunga, halafu nikaweka mabano na kuandika ukubwa wa shamba. Msimamizi alisema safu hiyo haitakubaliwa kirahisi kwa sababu haina kipimo kimoja. Lakini hakuifuta, na kwa mtu mwenye penseli ile, hilo ni jambo.

Wiki ya pili ya Januari mwaka huu nilikuwa nyumbani kwa siku nne. Mvua ilikuwa imechanganya, mpunga umefika magotini, na majani yalikuwa yameupita. Mitiki nayo ilitaka kufyekwa. Kijana mmoja alipita asubuhi na jembe begani, mama akamwita kutoka uani. Alisalimia vizuri, shikamoo mama, akasimama nje ya ua na hakuingia.

"Nina ekari moja na nusu," mama alisema. "Siku kumi hivi, mkiwa wawili."

"Kutwa ngapi, mama?"

"Elfu nane, na chakula."

Kijana alitazama upande wa mbugani kama mtu anayesoma saa. "Elfu nane ilikuwa mwaka jana, mama. Mwaka huu vijana wamekwenda Mafinga."

Mama alinigeukia mimi, kana kwamba hilo nimelifanya kwa tasnifu yangu. Wakabishana, wakataniana, mama akamuuliza ni mtoto wa nani, akakuta anamjua bibi yake. Hilo lilimsaidia kidogo. Walipatana elfu tisa, chakula, na chai ya saa nne. Kijana akaegemeza jembe kwenye ua na kwenda kumwita mwenzake. Mama akaingia ndani kuchukua daftari.

"Tisa mara kumi mara wawili," aliniambia akitafuta kalamu. "Piga hapo kwenye simu yako."

Nilipiga. Laki moja na themanini. Alifungua ukurasa wa nyuma, akajumlisha zile nyekundu kwa kidole, taratibu, midomo ikitembea. Ilikuwa laki moja na sabini.